Karai la Mama

Mimi kelele za runinga sizipendi, lakini ile drama ya wezi wa pesa za umma ilinishika. Kila Jumamosi jioni tulikaa watatu sebuleni kwangu hapa Voi: mimi, mama aliyeshuka kutoka Kasigau baada ya ndovu kumaliza mahindi yake, na kaka yangu anayefanya kazi katika ofisi ya fidia za wanyamapori. Kaka hakuwa na subira na wale wezi. Alisema hawajui kuiba, wanashikwa kama watoto. Nami nilimtania kwamba angekuwa yeye, tungekuwa tunaishi kwa gorofa.

Kwetu, ndovu akila shamba, unafunika unyayo wake kwa karai na kuweka jiwe juu, upepo usije ukaufuta kabla ya afisa kufika. Mama alifunika. Afisa akaja, akapiga picha, akaenda zake. Lakini mama alikataa kuliinua lile karai, eti huenda wakarudi kuangalia tena. Nyasi zikaota pembeni, yeye anafulia kwa ndoo. Kila alipomuuliza kaka habari ya fidia, jibu lilikuwa lile lile: avute subira, faili yake iko njiani. Nilimwamini kabisa, si ni damu yangu?

Jumamosi hiyo, kwenye drama, mkubwa wa ofisi alikuwa akimfundisha karani mpya kazi. Madai ya kweli yanalazwa kabatini, pesa zinaenda kwa watu ambao hawako duniani. Chagua wa mbali, alimwambia, wale ambao nauli tu ni shida. Hao watachoka wenyewe. Kaka alikuwa ameacha kucheka. Kisha akaingia bibi mmoja wa leso, akakaa ukingoni mwa benchi, na yule mkubwa akamwinamia kwa heshima zote.

"Mama, vuta subira. Faili yako iko njiani."

Maneno yale yale, hata ule upole. Nikamgeukia kaka, nikitaka acheke, aseme kila ofisi husema hivyo, aseme chochote jamani. Alikuwa ameshasimama. Alichukua rimoti akazima, akasema siku hizi kipindi kimekosa ladha.

Malori yalikuwa yakinguruma huko barabara kuu. Hasira zilinipanda, lakini mimi ninayeropoka hata kanisani, nilianza kukusanya vikombe. Niliogopa, nasema ukweli. Mama alikuwa bado anatazama kile kioo cheusi.

"Washa, mwanangu," alisema. "Nataka kujua kama huyo mama alilipwa."

Kaka alibaki amesimama na rimoti mkononi. Hakuwasha. Mama alimngoja mpaka nikashindwa kuwatazama. Kisha akaniambia mimi, si yeye, nimtafutie gari la asubuhi la kwenda nyumbani, akachukue karai lake afulie nguo.