Mawese Juu ya Bibi Harusi

Rafiki yangu, mimi simwamini mtu anayenusa karatasi. Jumamosi iliyopita nilishuka kwenye basi Peckham, London, kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu wa kumpelekea dada, nikakuta ukumbi wa karibu na stesheni umejaa watu wazima wenye mabegi mgongoni, wameinamia meza za majarida ya zamani ya katuni za kutisha. Mizuka, majeneza, mikono inayotoka udongoni. Kila jarida limevishwa plastiki kama shati jipya, na bei yake ni ya kumlaza mtu njaa. Muuzaji mmoja aliniambia siku hizi yanasakwa mno. Wanunuzi wanayafungua taratibu, wanayanusa, wanayafunika. Nikajisemea hapa pana jambo, maana majarida ya namna hii mimi niliyaona yakichomwa moto.

Ndipo nikaliona. Kwenye jalada, bibi harusi anatoka kaburini, shela imechanika, na kwenye paji la uso wake kuna doa la mafuta lenye umbo la msalaba. Doa lile nilimwona mama akilipaka kwa kidole chake mwenyewe.

Tulikaa ghorofa ya nne, mimi, dada na mama, kwenye majengo ambayo sasa yamebomolewa. Tulikuwa tumekimbia vita Kongo, na mama alishuku kila kitu cha London: gazeti la bure, simu inayolia mara moja ikakata, hata paka wa jirani. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alikuwa ametafunwa hasa. Alfajiri alitoka kwenda kusafisha ofisi za watu. Mchana alirudi, akafungulia mahubiri kwenye redio, akabandika sufuria. Tukitoka shule tulipanda ngazi tukifuata harufu ya mafuta ya mawese mpaka mlangoni. Hadi leo nikisikia vitunguu vikichacharika kwenye mawese, nasubiri kuulizwa kama nimenawa mikono.

Jirani wa chini, mzee Mwingereza aliyeishi peke yake, ndiye aliyetuletea boksi la majarida yale alipokuwa akihamia nyumba ya wazee. Mama alimshukuru, akafunga mlango, akatugeukia. "Kitu ya bure iko na mwenyewe," alisema, akalisukuma boksi nyuma ya kochi bila kulifungua. Tulilifungua sisi. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, ila picha hazihitaji kamusi, na dada alijua kusimulia. La bibi harusi ndilo alilolipenda kuliko yote. Alikuwa akifika mahali kifuniko cha jeneza kinapoinuka, ananyamaza kabisa, ananitazama tu. Nikawa siendi chooni peke yangu, na hapo mama akagundua.

Jumatatu akaja mchungaji. Majarida yalipangwa mezani, mchungaji akaomba, na mama akachovya kidole kwenye mafuta ya zeituni yaliyoombewa, akapaka msalaba juu ya kila jalada. Kisha yakawekwa juu ya kabati kungoja Jumapili, na mama akaapa kwamba atakayeyagusa atamjua. Jumapili, baada ya ibada, yakatiwa kwenye pipa nyuma ya kanisa, watu wakiimba. Mchungaji akachungulia moto.

"Na ile ya bibi harusi iko wapi?"

Watu wote wakamgeukia dada.

"Mi sikukamataka hicho kitabu," alisema, yaani hakukichukua. Akarudia, akalia, akarudia tena. Hakuna aliyemwamini. Akatolewa kwenye kwaya mpaka atakapolileta, na kwa kuwa hakuwa nalo, hakurudi. Dada alikuwa na sauti, rafiki yangu. Akianza yeye, hata watoto wachanga walitulia. Tangu siku ile hajaimba popote, hata jikoni kwake. Na mama, nakumbuka, alikuwa akiangalia viatu vyake.

Tulikua na shaka hiyo mpaka ikawa kama ndugu yetu wa tatu. Dada alinishuku mimi. Mimi nilimshuku mchungaji, maana kwa nini alilikumbuka lile tu? Mama alipofariki mwaka juzi bado tulikuwa tunatazamana kwa pembeni, huku tukifungasha vitu vyake harakaharaka na kuvipeleka duka la mitumba la hisani.

Basi pale ukumbini nilimkazia macho muuzaji, maana nilishaamua kuwa ni mwizi, nikamuuliza alikolipata.

"Duka la mitumba, barabara ile pale," alisema. "Lilikuwa chini kabisa ya sanduku la vitenge. Samahani kwa madoa, inaonekana mtu aliligeuza sahani."

Akanipunguzia bei kwa sababu ya madoa, nami nikazidi kumshuku. Nikalipa.

Nililifungua kwenye treni ya kwenda kwa dada, Barking. Ukurasa wa kwanza, msalaba wa mafuta juu ya mzuka. Wa pili, msalaba. Wa tatu pia, mdogo kidogo. Kisha bibi harusi anainua kifuniko cha jeneza, na hapo misalaba inakoma. Kuanzia pale ni alama za vidole tu, za rangi ya chungwa, pembeni mwa kurasa hadi ya mwisho. Mawese. Wiki ile, sisi tukiwa shule, mama alikuwa akipika huku anasoma, na utamu ukamsahaulisha kujikinga. Katika washukiwa wote, yeye hatukumfikiria kamwe.

Nilimkuta dada jikoni, vitunguu vikiwa motoni. Sikumweleza kitu, nilimfungulia tu. Alitazama ukurasa baada ya ukurasa.

"Alininyamazia," alisema mwishoni. "Mama yangu wa kunizaa, alininyamazia."

Alilia kwa hasira, na nilimwacha alie, maana ilikuwa haki yake. Kisha akarudi kwenye ile picha ya jeneza, akaona kidole cha mama kimetulia palepale alipokuwa akinyamaza ili nishtuke. Akaanza kucheka, machozi hayajakauka.

Yale majengo hayapo. Ukumbi wa kanisa sasa ni saluni, na mtu pekee wa kuulizwa tumemzika. Ningemuuliza kama aliogopa, au kama baada ya aliyoyaona Kongo, maiti wa karatasi walimpumzisha. Ningemuuliza pia ilikuwaje akalificha maisha yake yote kuliko kumsafishia mtoto wake jina. Hilo linaniuma, na sijui nilipeleke wapi.

Nilimwambia dada kwamba kule ukumbini kuna watu wangezimia kuona jarida limeshikwa kwa mikono mitupu. Alichovya kidole gumba kwenye kopo la mawese, akakibonyeza juu ya karatasi, kando ya kile cha mama.

"Sasa njo nimekikamata hicho kitabu," alisema.