Mguu Uliotetemeka

Nazario alikulia kambini Tanzania, na aliporudi Burundi alikuwa mwepesi wa jembe, mwepesi zaidi wa mdomo. Alipata shamba bondeni Buhinyuza, huko Muyinga, chini kidogo ya nyanya za mjane aitwaye Jeska.

Siku moja aliona kindege ukingoni mwa mfereji kimesimama kwenye tope, mguu mmoja ukitetemeka kama wa mgonjwa wa homa. Kesho yake vilikuwa viwili. Basi, mtu mzima huyo hakuuliza yeyote! Alikwenda moja kwa moja kwa bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, akatangaza kwamba dawa ya nyanya za Jeska imetia sumu maji, na ndege wanakufa wima. Neno lilifika sokoni Muyinga kabla ya nyanya. Zikaozea vikapuni.

Mwezi uliofuata alikwenda Bugendana, Gitega, kumsalimu shangazi yake Adventina. Kwenye chemchemi, mahali pasipowahi kupulizwa dawa, akakiona kindege kilekile na mtetemeko uleule.

"Shangazi, hata huku wanakufa?"

Adventina alicheka mpaka akatua ndoo. "Anakufa wapi? Iko anakula! Anatikisa tope, vidudu vinatoka, anakamata. We haujaona hii tangu uzaliwe?"

Na kweli, kindege kilidonoa, kikasogea hatua mbili, kikatikisa tena. Nazario alitamani ardhi ipasuke immeze. Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mwenzake.

Aliporudi Buhinyuza hakupitia kwake. Alimkuta Jeska anang'oa miti iliyokuwa imeegemeza nyanya, akamweleza yote, kofia mkononi.

"Nimekukosea, Mama Jeska. Nitasema mbele ya bashingantahe, na sokoni pia nitasema."

Jeska hakumtukana. Heri angemtukana.

"Mujukuu wangu aliumwa tumbo wiki ile ulisema," alisema. "Mi ndiye nilimupikia nyanya hizo. Mama yake akamuchukua, akaenda naye kwao, akasema sitamupikia tena. Nikamwambia, enda naye, iko na haki."

"Lakini ulijua dawa yako haina ubaya! Kwa nini hukukataa?"

Jeska aliweka mti chini, akamtazama.

"We ulisema kama mutu mwenye anajua," akajibu. "Nikakuamini."