Aliyeua Wimbi la Kijiji, Kisha Akalifufua

Saa moja asubuhi binti aitwaye Ni Luh Rasmini ameinamia kibao cha shaba, tupa mkononi. Anakikwangua tumboni mara tatu, anakigonga, anatega sikio. Kisha anagonga pacha wake. Sauti zinapishana kidogo tu, na karakana nzima inatetema.

"Hilo ndilo wimbi," anasema. "Likikosekana, hata miungu hawashuki."

Rasmini, mwenye miaka ishirini na minne, hurekebisha sauti za gamelani, vyombo vya shaba vinavyopigwa kwa pamoja hekaluni, katika kijiji cha wafua shaba mashariki mwa Bali. Hupata kama rupia milioni tatu kwa mwezi. "Za wali zipo. Za kuringia hakuna."

Cheti hana. Akiwa na miaka kumi na mitano, mwalimu alimsimamisha juani kwa kugongagonga dawati. Hajasahau. Miaka tisa shule ile ilimfundisha kunyoosha mstari wa gwaride. Hakuna aliyewahi kumuuliza anasikia nini.

"Mama, sirudi tena."

"Utakula masikio?" mama yake alifoka.

Ndiyo anayokula mpaka leo. Asubuhi alifua shaba kwa Babu Regug, mfua shaba mzee wa kijiji. Mchana alisoma kitabu kikuukuu cha fizikia na kupima sauti kwa simu. Baada ya mwaka, banjar, jumuiya ya mtaa wao, ikamkabidhi gamelani yake airekebishe kabla ya sikukuu ya hekalu.

Simu ikamwambia vibao pacha havilingani. Rasmini akaamini masikio ya wazee yameziba. Akapiga tupa siku tisa, mpaka kila pacha akawa sawasawa na mwenzake.

Siku ya mazoezi, sauti ikatoka imekufa, haina wimbi.

"Luh, umetupikia maji matupu!" mpiga ngoma akamcheka.

Kiongozi wa wapigaji, Mzee Tastra, hakucheka. "Mrudisheni shule. Vyombo viende kwa fundi."

Vingeondoka siku ile, asingekabidhiwa tena hata kengele.

Babu Regug akasimama. "Shuleni angechorewa alama nyekundu, basi. Hapa vibao vipo, na siku kumi na moja zipo. Aliyeharibu atengeneze."

Tastra akanyoosha mkono. "Haya. Ila simu naishika mimi."

Kila jioni wapigaji walitoka mashambani na matope miguuni, wakamgongea vibao huku yeye akikwangua. "Chini kidogo, mwanangu. Hapo! Usiguse tena!" Asubuhi ya sikukuu wimbi lilirudi, na Tastra akamrudishia simu. "Chukua. Imelia usiku kucha, kama kuku anayetaga."

"Nawashukuru kila nikishika tupa," anasema Rasmini. "Wangeweza kunifukuza."

Sasa anajenga chumba nyuma ya karakana, walioacha shule wajisomee na kujiandaa kwa mtihani wa serikali wa kupata cheti. Wa kwanza kuufanya atakuwa yeye mwenyewe, mwezi Mei. Mwalimu wa hesabu bado hajapatikana, lakini sheria ya chumba ipo tayari.

"Mtu akikosea hafukuzwi. Anaachiwa kazi ileile, na sisi tunakaa naye mpaka aimalize."