Mwana Mweusi wa Mbuzi Mwekundu

Mwezi uliopita nilikwenda Ziwani kwenye msiba. Nyuma ya nyumba ya wafiwa nikamwona mbuzi mwekundu akinyonyesha mtoto mweusi tii, nikacheka peke yangu hadi mama mmoja akanitazama kwa jicho baya. Angeniuliza, ningemweleza habari za bibi yangu.

Bibi alinilea hapohapo Ziwani, miaka ile Uhuru ukiwa bado mpya. Msimu wa korosho ndio ninaoukumbuka zaidi: harufu tamu ya mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya miti, moshi wa korosho zinazochomwa ukitutoa machozi, na ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi, tumbo likikataa mkono ukiendelea. Bibi hakuwa na mali. Alikuwa na jina jema, na alilitunza kama alivyofagia uwanja wake, kila siku.

Kwa ajili ya jina hilo jirani yetu alimkabidhi mbuzi jike amfugie. Desturi ilijulikana: mzao wa kwanza wa mwenye mbuzi, wa pili wa mfugaji. Jike alikuwa mwekundu, na beberu wa jirani aliyempanda alikuwa mwekundu vilevile. Akazaa mtoto mweusi.

Jirani akaja kuchukua haki yake, akachungulia bandani, akatikisa kichwa.

"Bibi, mwekundu na mwekundu huzaa mwekundu. Wangu umempeleka wapi?"

Bibi akikasirika, Kimakonde kilimtangulia. "Nangu?" akasema, akijipiga kifua. "Mimi niibe mbuzi?"

Jirani akaondoka zake. Alipita nyumba kwa nyumba akisema bibi kambadilishia mbuzi, na kufika Ijumaa mazungumzo kisimani yalikuwa yakikatika tukitokea na ndoo zetu. Niliumia mno. Uongo ukirudiwa sana hupata miguu, na huu ulikuwa tayari unakimbia.

Mwalimu wangu, mwanamke aliyetoka Moshi, alisikia akaja nyumbani. Akaomba njugu mawe, akazitandaza kwenye ungo, nyekundu na nyeusi. Kila mbuzi, alisema, hubeba mbegu mbili za rangi, na humpa mtoto wake moja tu. Nyekundu ina nguvu. Ikiwepo hata moja, huifunika nyeusi. Lakini baba na mama wakiwa wote wameficha nyeusi, na mtoto akapewa hizo mbili, anatoka mweusi, na hakuna aliyeiba.

Bibi alizikusanya zile njugu. "Basi jirani amchukue mbuzi wake, ampandishe kwa beberu yuleyule, azalie machoni pake."

Mwalimu akashtuka. "Bibi, anaweza kuzaa wekundu watupu. Wekundu ndio hutoka wengi. Utazidi kuaibika."

"Njugu zako nimezielewa, Mwalimu. Mbuzi namjua mimi."

Jirani akamchukua jike wake, tukangoja. Bibi aliendelea kulima akiimba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwombea mbuzi dua. Mikorosho ilipoanza kutoa maua, jirani alitokea uwanjani kwetu mchana kweupe, amekumbatia mtoto wa mbuzi, mweusi tii.

"Amezaa pacha, Bibi. Mmoja mwekundu, mwingine huyu. Nimekukosea. Mchukue, unisamehe."

Bibi alimpokea yule mbuzi, akamkagua kwato na masikio kama mnunuzi, kisha akanipa mimi nimshike.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa rudi ulikopita."

"Wapi, Bibi?"

"Nyumba kwa nyumba. Ulikosema mwizi, ukaseme si mwizi."

Na alikwenda! Nilisimama uwanjani na mbuzi wangu, nikimsikia akipiga hodi nyumba ya kwanza, kisha ya pili, mpaka sauti ikapotelea mikoroshoni.

Nyumba zile hazipo tena. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya, na bibi na jirani yake wamezikwa makaburi yaleyale. Mimi nami nimekwisha kusingiziwa ukubwani, si mara moja. Walionisema mbele ya watu waliniomba radhi sikioni, na hakuna hata mmoja aliyenipigia hodi kwa majirani.