Saa ya Mzamiaji Yafika Midia

Wananchi wa Koboko na vitongoji vyake, simameni wima. Binadamu ameshinda bahari, ameshinda anga, na ushindi huo sasa unapatikana mezani kwa Dieumerci, ukiwa na mkanda wa raba.

Ndivyo Dieumerci, mfanyabiashara wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo, alivyotangaza kwa kipaza sauti kila siku ya soko huku Uganda. Saa za wazamiaji, saa za marubani wa kwanza. Bahari iko mbali na Koboko siku mbili kwa basi, lakini watu walinunua. Nani ajuaye atatumbukia wapi?

Ili auze mpya, ilimbidi aue za zamani. Akatangaza kwamba Acidri, fundi saa wa Arua, hunyofoa mashine nzuri na kurudisha takataka. Acidri alikuwa na miaka ishirini chini ya mwavuli mmoja, akiziokoa saa za mapadri wa Ediofe na manesi wa Kuluva. Baada ya miezi miwili hata katekista alisimama kumkodolea macho akibadilishiwa betri. Acidri aliendelea na kazi kama mtu anayetafuna kitu kigumu, tena kwa raha.

Ndipo Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamfanya Dieumerci ampende Kevina wa Midia, kijiji jirani na Koboko, mtoto wa dada yake Acidri. Mjomba akaomba kazi moja tu: kuandika barua ya mwaliko wa siku ya mahari na kushika muda. Huko wakwe wakichelewa hutozwa faini kabla ya kukaa. Aliandika: saa tisa kamili. Ya nchi gani, hakuandika. Kongo wako nyuma kwa saa nzima, na alijua fika kwamba mkono wa Dieumerci ulivuka mpaka kila wiki, lakini mishale ya saa yake haikuvuka hata siku moja.

Wageni wakafika na suti zao, wakasimamishwa mlangoni mwa ua. Faini, mbuzi wawili.

"Papa, hii saa ni ya rubani na mzamiaji," Dieumerci akasema, mkono juu. "Haiwezi kudanganya. Iko saa tisa."

"Tisa ya Ariwara. Huku ugali umeshapoa." Acidri akasogeza kwa mguu beseni la kunawia mikono. "Na kuzamia, nako ni kwa Ariwara tu?"

Mashangazi wakapiga vigelegele. Bwana harusi gani angerudi nyuma? Akaivua, akaizamisha kina cha vidole vinne. Kioo kikaota ukungu, mshale ukasita, ukatetemeka, ukafa. Shangazi mmoja akauliza kama rubani amezama au mzamiaji ameanguka kutoka angani.

Dieumerci akamnong'oneza mjomba aitengeneze haraka, kabla Kevina hajatolewa nje. Acidri akasema angependa sana, ila anaogopa, maana watu husema anaiba mashine. Labda asafishwe jina kwanza, kwa kipaza sauti kilekile, ambacho wageni walikuja nacho kwa ajili ya nyimbo.

Dieumerci akakitazama kama nyoka.

"Papa Acidri si mwizi," kikanguruma. "Mimi nilidanganya, juu ya biashara."

Nusu ya Koboko ilikuwa pale. Nusu nyingine ingesikia kabla ya jua kuzama.

Acidri akatoa kisu kidogo, akafungua mgongo wa saa polepole, kama daktari anayelipwa kwa siku. Ndani mlikuwa na mashine ya plastiki, ndogo kama punje ya maharagwe, na karatasi iliyokunjwa ili isichezecheze. Karatasi ilikuwa imelowa.

"Iko namna gani, Papa?"

Acidri akaifunga, akamrudishia.

"Hamna kitu cha kuiba."