Ndimu, Chenza na Rangi ya Kochi

Kwa miaka kumi na tisa nimetunga chemshabongo ya gazeti letu la wiki, na miaka yote hiyo nilijiona kichwa kweli kweli. Kazi niliyoajiriwa ni kusahihisha herufi, lakini mtu akipewa robo ukurasa iwe yake, mabega hupanda. Ofisini waliniita Profesa kwa kejeli. Mimi niliitika.

Wiki ile nilitungia nyumbani, kwenye kochi. Kushuka chini nikaandika: "Tunda la jamii ya chungwa, visanduku vitano." Jibu, ndimu. Kwenda kulia: "Rangi nzito ya joto, visanduku kumi." Jibu, hudhurungi. Hilo nililipata kwa kulitazama kochi lenyewe. Maneno yakakutana kwenye u. Nikajipongeza kwa chai ya pili.

Majibu ya wasomaji yalipofika, mhariri aliniita.

"Hawa wameandika limau," akasema. "Nayo ina herufi tano na inaishia na u. Utawaambia nini?"

Akasukuma karatasi nyingine mbele yangu.

"Na huyu je?"

Mwandiko niliutambua hata kabla ya kusoma jina. Mama mkwe! Alijaza chenza, c na h kazibananisha kwenye kisanduku kimoja, na a ya mwisho ikaingia sawasawa kwenye jibu lake la rangi, damu ya mzee. Visanduku kumi, vyote vimejaa. Pembeni kaongeza: "Rangi kama ya makochi ya binti yangu."

"Makochi yale ni hudhurungi!" nikafoka. "Nayakalia kila siku!"

Mhariri, ambaye amekula kwetu mara nyingi, alinitazama kwa huruma. Akamwita fundi wa mitambo, aliyekuja na karatasi mbili za kujaribia wino.

"Profesa, hii rangi gani?"

"Hudhurungi."

"Na hii?"

"Si hiyo hiyo?"

Fundi alicheka mpaka akashikilia meza. Ya pili ilikuwa damu ya mzee tupu, hata mpita njia angeiona.

Nilipomsimulia mke wangu, hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua tangu uchumba," akasema. "Uliniletea kitambaa chekundu ukakisifia ukijani wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi gani? Ulikuwa unaongea tu."

Mhariri aliamua majibu yote matatu yapokelewe, na zawadi, kamusi mpya, aipate mama mkwe. Mpelekaji, bila shaka, mimi. Nilibisha hodi kwake kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Karibu, baba," akasema, huku akijitahidi asicheke. Akashindwa.

Nikacheka naye, kwanza kwa aibu, kisha mpaka machozi. Halafu nikatoa rasimu ya wiki iliyofuata.

"Mama, nitazamie. Nina wasiwasi na rangi."

Akavaa miwani, akaomba kalamu, akafuta vidokezo vinne. Kimoja tu ndicho kilichohusu rangi. Vingine vitatu, alisema, vilikuwa havina ladha.

Siku hizi chini ya chemshabongo kuna majina mawili ya watunzi. La kwanza si langu.