Kago la Waya wa Pampu

Mke mwenzangu alikuwa na shingo mbaya. Si mbaya ya kutazama, maana kwa kutazama ilikuwa ndefu na nzuri, hata mie nilipoolewa pale Junju niliionea wivu. Ubaya wake ulikuwa wa ndani. Alibeba maji kichwani tangu meno hayajamwota, mpaka mifupa ikachoka ikasema basi. Ukimwita, anageuka mwili mzima kama lori linalotafuta pa kurudia. Daktari wa Kilifi akamwambia, "Mama, usibebe tena kitu kichwani, hata kilemba."

Akarudi nyumbani akicheka. "Nimemuuliza, daktari, na kichwa chenyewe je, nikakiweke wapi?"

Kisima chetu kilikuwa bondeni. Mteremko ule, haki ya Mungu, ukishuka na mimba unapanda na mtoto anayetembea. Basi ikawa mie nashuka kwa ajili ya nyumba mbili, yake na yangu. Mie sikujali, nilikuwa na nguvu za punda na akili zake pia. Lakini yeye aliumia. Kwetu mwanamke anayeletewa maji na mke mdogo ni kama analishwa kwa kijiko, na majirani hawakukosa la kusema. Ndugu zake wa Rabai nao walishampelekea neno: kama huwezi kazi za mume, rudi nyumbani. Nyumbani gani? Kule nyumba ilikuwa ya wake za ndugu zake, na wale wanawake ulimi wao ungeweza kukuna nazi.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mie siendi kuzeekea jikoni kwa watu."

Ndiyo maana pampu ilipokuja, sie wengine tulipata maji, lakini yeye alipata nyumba yake.

Miaka ile ya themanini kila kitu kilikuwa harambee. Kikundi chetu cha akina mama tuliuza mikeka, tukauza makuti, tukauza mpaka aibu, tukanunua pampu ya umeme. Laini ya stima ilikuwa imefika barabara kuu, basi tukavuta waya kutoka pale mpaka kisimani juu ya boriti za mikoko, na bomba likapandisha maji mpaka mferejini, karibu na nyumba zetu. Siku ya kwanza mke mwenzangu alifungua mfereji, akafunga, akafungua, akafunga, mpaka mume wetu akamwambia utaumaliza huo. Akapanda mchicha. Mchicha wake ukawa mkubwa hivi kwamba mbuzi aliingia ndani tukamtafuta mchana kutwa.

Halafu asubuhi moja mfereji ukakohoa kama mzee wa tumbaku, ukanyamaza.

Tukatoka kutazama. Boriti zimesimama zote, waya hakuna. Zilionekana kama wanaume walioibiwa suruali sokoni. Tukaambiwa ni shaba wanayoitaka, eti wanachoma ule mpira wa juu, shaba inauzwa mjini kwa kilo. Wezi wa wakati ule wangekuibia meno ukiwa unacheka.

Tukarudia harambee. Safari hii mbuzi waliondoka, yule wa mchicha akiwemo. Kila mtu akaleta dawa yake ya wezi. Mume wetu akasema tuweke mlinzi, tukamweka binamu yake, ambaye kitu pekee alichokilinda ni kitanda. Mwingine akaleta mbwa. Mbwa akawa rafiki wa kila apitaye, nadhani hata mwizi angembebea tochi. Mwishowe fundi wa umeme, mtu wa bara aliyekaa Mtwapa, akasema, "Uzikeni. Waya usioonekana hauibiwi."

Hilo tuliliona la maana. Tukachimba mtaro mchana, wanawake peke yetu, na fundi akaupindisha makusudi, kulia, kushoto, ukazunguka kichuguu, ukapita chini ya mikorosho, kama nyoka aliyetoka kunywa mnazi. Juu yake tukapanda muhogo. Mvua ikanyesha, muhogo ukaota, na hata sie wenyewe tukasahau ulipopita. Maji yakarudi. Mchicha ukarudi. Mke mwenzangu akaanza kuwauzia maneno wale majirani waliomsema. "Njooni mchote kwangu," anawaambia, "ila msinilipe, mnichekee tu kama mlivyokuwa mkinicheka."

Laiti tungekaa kimya hapo.

Lakini tukasikia shamba moja la jirani, nao wana pampu, wameibiwa waya. Hofu ikatuingia. Tukaitisha mkutano chini ya paa la mwenyekiti wetu, na kila mmoja akawa anasema lake, mpaka mama mmoja akauliza, "Kwani minazi yenu nani anaiba?"

Kweli, minazi yetu haikuibwa. Mtu akifunga kago kwenye mnazi, kijiti chake, kitambaa chekundu, na vitu vya mganga ndani, hakuna anayepanda mnazi ule hata awe na njaa ya simba. Kila mtu anajua: ukigusa, tumbo linavimba.

"Basi waya nao ufungiwe kago," akasema.

Ilikuwa kama ametuamsha usingizini. Tukapiga vigelegele. Wawili watatu waliokuwa wa kanisani wakajikuna, mmoja akasema, "Mie nimeokoka, siwezi kwenda kwa mganga." Mwenyekiti akamwambia, "Si lazima uende. Leta kuku." Akafikiri. "Kuku sawa," akasema, "kuku hajaokoka."

Mganga akaja. Akazunguka shamba, akanusa hewa, akasema kago halilindi kitu lisichokiona. Ni lazima lisimame pale pale ulipo waya, hatua kwa hatua, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sie tena hatukumbuki ulipo. Tukamtuma mtu Mtwapa kumleta fundi. Masikini yule fundi alikuwa anaogopa uganga wa pwani kuliko risasi. Alipomwona mganga ameshika usinga, alitembea juu ya waya ule mbiombio, akionyesha kwa kidole, hapa, hapa, hapa umepinda, hapa kichuguu, sie nyuma yake tunachomeka vijiti. Akaondoka bila kunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa na maziwa.

Vitambaa vyekundu vikapungua. Mke mwenzangu akaingia ndani akatoka na kanga yake, ile moja iliyokuwa haijapauka, akaichana vipande. Nikamwambia, "Dada, hiyo si ya sikukuu?" Akasema, "Maji ndiyo sikukuu yangu." Akawa anakaa chini kabisa kwenye kila kijiti, kwa sababu ya shingo, anafunga, anasukuma matako mbele, anafunga kingine. "Atakayegusa hapa," anasema, "tumbo lake livimbe lipasuke kama fenesi." Tulipomaliza, shamba lilipendeza kama njia ya kumpokea mkubwa wa serikali. Vijiti vyekundu toka barabarani mpaka kisimani, na kila kona imewekwa vizuri.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tulichokifanya. Hata mmoja.

Mfereji ulipokohoa tena tulikimbia sote. Na mtaro ulikuwa umefunguliwa, jamani, kwa ufundi kuliko sie tulivyouchimba. Kijiti mpaka kijiti. Palipopinda kulia wamepinda kulia. Kwenye kichuguu wamezunguka. Hawakukosea hata pahala pamoja. Makago yetu wameyang'oa taratibu wakayalaza pembeni, na muhogo wakachoma, maganda wameacha.

Mke mwenzangu akaokota kipande cha kanga yake. Akakikung'uta mchanga. "Kumbe mie ndiye niliyewashika mkono," akasema, "hapa baba, pita hapa, angalia usijikwae."

Watu wakacheka, na mie nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukarudi kwa mganga. Akatusikiliza, akatema mate, akasema hao si watu wa hapa. Kago linamkamata anayelijua, asiyelijua kwake ni kitambaa tu. Lakini tungoje, pengine tumbo litavimba. Basi tukangoja matumbo. Kila tumbo la Junju tukalitazama. Mgema mmoja aliyekuwa na kitambi chake cha miaka yote aliacha kupita kwetu. Msichana wa watu aliyekuwa na mimba akaulizwa maswali mpaka mama yake akaja na mwiko. Hakuna aliyepasuka. Naibu wa chifu akaitisha baraza, akasema wizi ni mbaya. Tulikuwa tunalijua hilo.

Harambee ya tatu haikuwezekana. Tulikutana, tukatazamana, hakuna aliyekuwa na mbuzi. Pampu ikatolewa kisimani ikawekwa kwa mwenyekiti, kuku wakawa wanatagia juu yake. Mchicha ukakauka.

Mie nikaanza tena kushuka. Nilijaribu kumdanganya mke mwenzangu, nikimjazia mtungi wake akiwa shambani, nikisema labda ni mume wetu. Mume wetu! Yule mtu hakujua hata kata inashikwa upande gani. Siku moja nikakuta debe langu halipo. Nikateremka mbio. Nilimkuta mke mwenzangu katikati ya mteremko, amekaa, debe limeanguka limelala mbele yake, maji yameshaingia ardhini. Anatazama upande mmoja kwa sababu hawezi kutazama mwingine.

"Nimefika mbali, lakini, eh?" akaniuliza.

"Umefika mbali sana, dada."

Ndugu zake walikuja baada ya mavuno. Walikuwa watu wazuri, walikula, walishukuru, wakasema wamekuja kumchukua apumzike. Mume wetu akatazama miguu yake. Mie nilisema kila uongo ninaoujua, nikasema stima inarudi, nikasema serikali inaleta bomba, nikasema mie napenda kubeba maji, huwa naota kubeba maji. Ndugu zake wakacheka. Yeye akanishika mkono. "Mdogo wangu, nyamaza. Unawachekesha watu wa safari."

Asubuhi ya safari nilimpelekea ndoo ya kuogea. Akaniangalia, akageuka mwili mzima akaiangalia ndoo. Akaoga nusu. Nusu iliyobaki akaimimina kwenye mtungi wangu, polepole, bila kumwaga tone, akaufunika, akaenda zake na ndugu zake.

Mie nikachukua debe nikashuka.